Vipimo Vitatu vya Saa Kumi

29 Machi

Shangazi,

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nikianza na salamu nitajificha humo mpaka karatasi iishe. Namba za babu si za kweli. Au tuseme ni za kweli, ila nilizichagua.

Sasa shikamoo. Mama anakusalimu. Bado yuko kiwandani kwenye biskuti, na Ramadhani nzima alirudi nyumbani akinukia sukari na vanila huku midomo imemkauka. Alisema saumu ya mtu anayefunga biskuti kwenye pakiti inapaswa kuhesabiwa mara mbili. Babu hajambo, anakusalimu, anasema usiache kuvaa soksi.

Unaikumbuka mashine ya kupima presha uliyomtumia babu kabla ya mwezi kuingia? Uliandika kwenye boksi, "Ya mzee, msimamizi ni Miwani." Siku hizohizo mwalimu wa biolojia alitupa mradi: kila mmoja achague swali, akusanye vipimo siku thelathini, achore grafu. Mimi sipendi kuongea na watu, kwa hiyo nilichagua swali linalohitaji mtu mmoja tu. Je, kufunga kunashusha presha? Huyo mtu akawa babu.

Kila siku saa kumi alasiri alikaa kwenye kiti chake cha karakana, mkono juu ya meza, katikati ya mizani za watu zilizofunguliwa. Kijitabu cha mashine kinasema upime mara tatu, upumzike kidogo kati ya kipimo na kipimo, uchukue wastani. Siku tatu za kwanza nilifuata hivyo. Siku ya nne zilitoka 161, 158 na 149. Babu akauliza, "Ngapi, mke wangu?" Nikasema 149. Akacheka, akapiga meza, mizani zote zikatikisika. "Umeona? Hospitali bila daktari!"

Toka hapo nikawa naandika ndogo kuliko zote. Siku ya ishirini na mbili hata hiyo ndogo ilikuwa kubwa, nikapunguza kumi. Ya ishirini na sita vilevile.

Grafu ikateremka vizuri kama ngazi. Mwalimu aliibandika ubaoni, darasa likapiga makofi, mimi nikaangalia viatu. Iliporudishwa, babu akaining'iniza karakana, juu ya lile jiwe lake la shaba la kilo moja la kusahihishia mizani, ambalo haruhusu mtu aliguse kwa mkono mtupu. Kila mteja anaonyeshwa. Juzi nilimsikia akimfukuza muuza nyama aliyetaka mizani yake "ilegezwe kidogo". Alimwambia, "Toka na dhambi yako, usiniachie hapa." Kisha akageuka akaiangalia grafu yangu, akatabasamu.

Mashine inakumbuka kila kitu, shangazi. Ukibonyeza kitufe cha kumbukumbu, vipimo vyote vinarudi kimojakimoja. Mimi siwezi kukibonyeza.

Nifanye nini? Siwezi kukupigia simu. Simu ni moja, ya mama, na ukipatikana wewe babu huweka sauti ya juu nyumba nzima isikie.

Halafu, wewe ulimaliza siku zote? Babu anajisifu kwamba watoto wake hawajawahi kula mchana hata siku moja, hata wewe uliye kwenye moto wa pasi.

Mimi,
Miwani

21 Aprili

Miwani mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Barua yako ilikaa siku sita kwa mlinzi wa geti kwa sababu hakujua dobi wa hospitali mwenye jina hilo ni nani. Kwake sisi sote tunaitwa "Mashuka".

Kazi ipo, inatutafuna polepole. Mashuka mia nne kwa siku, ukitoa moja kwenye mashine, lingine linakusubiri limekunja uso. Mwambie mama yako nami nina wivu naye. Afadhali biskuti, mimi nanusa dawa ya kuua vijidudu mpaka ndotoni. Nashukuru anaendelea vizuri. Mwambie babu soksi navaa.

Kuhusu hizo namba. Sikia, mwanangu. Mzee ana miaka sabini na mitatu. Ni lini mara ya mwisho umemwona akipiga meza kwa furaha? Mwache. Grafu haijamuua mtu. Wewe umri wako ni wa kuhangaika na mitihani, si na mishipa ya damu ya watu wazima. Shule ikifungwa, utaiondoa ukutani taratibu useme imechakaa, basi, yaishe.

Ninyi mnasoma sana mpaka mnaanza kuona majini kwenye tarakimu.

Usiangalie mwandiko huu. Kalamu imechoka kama mwenyewe.

Nakupenda. Kula vizuri.

Shangazi yako

2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo, ila miguu inamvimba akisimama sana, jioni anaiweka kwenye beseni la maji anasinzia hapohapo. Mimi shule naendelea. Nimekuwa wa nne.

Niliisoma barua yako mara nyingi. Nilitaka kukutii. Ningekutii kama jana nisingetumwa na babu kuleta jiwe la gramu hamsini kutoka kwenye kopo lake la mawe madogo. Chini ya mawe nilikuta dawa zake za presha, pakiti nne, hazijafunguliwa hata moja.

Nikamwuliza. Alikuwa ameinama na bisibisi mdomoni. Hakukasirika hata kidogo.

"Dawa ya nini, mke wangu, na grafu iko ukutani?"

"Toka lini, babu?"

"Toka ulipoileta. Mtu anameza dawa ya ugonjwa alionao. Mimi nimepona, na ushahidi nimeandikiwa na msomi."

Kumbe ndiyo maana sasa anafunga kila Jumatatu na Alhamisi. Anasema anaendeleza tiba. Siku hizo hulala kwenye kiti mchana, kichwa nyuma, na nikimwamsha hushika paji la uso kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo. Nilimwomba nimpime. Ilitoka 178 kwa 104. Akaitazama mashine kama anavyotazama mizani ya muuza nyama. Akasema betri zimekufa. Akamwita mama, akampima yeye, ikatoka 118. Babu akaukunja na kuukunjua mkono wake, akasema, "Basi mkono wangu ulikuwa umelala vibaya," akarudi kwenye bisibisi yake.

Sitaki usome hii ukadhani nailaumu saumu. Mwezi ule ulikuwa mzuri kwetu, na hilo sikulibuni. Babu alitoka kwenye sigara kumi hadi mbili kwa siku. Mama alikula akiwa amekaa, si amesimama mlangoni na mkoba begani. Sote watatu tulikaa meza moja kila magharibi, siku thelathini, jambo ambalo halijatokea toka baba afariki. Mimi mwenyewe kipindi cha sita darasani kichwa kilikuwa kama kimejaa pamba, lakini moyoni palikuwa na utulivu ambao sijui kuuchorea grafu. Mambo hayo yalitosha, na mimi nikayaongezea uongo.

Nilifikiria kuisaga dawa na kumtilia kwenye chai. Nikaona huo utakuwa uongo wa pili uliopanda mgongoni mwa wa kwanza.

Nimwambie? Nikimwambia, atanitazama vipi? Usiponijibu nitajua umeniachia peke yangu.

Tena hukunijibu kama ulimaliza siku zote. Na shangazi, si kalamu. Wino ni uleule. Herufi zako zimelala upande mwingine.

Miwani

30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Huku tupo.

Wiki nne hujaandika. Labda mlinzi wa geti amepotea tena.

Babu alitokwa na damu puani Jumatatu, kidogo, ikaacha. Alisema ni joto. Kulikuwa na mvua.

Ile dawa bado iko chini ya mawe. Kila siku nikitoka shule nafungua kopo kuhesabu kama imepungua. Hajagusa.

Jirani yetu, fundi viatu, kaja kuomba nakala ya grafu. Yeye pia ana presha. Nilimwambia sina karatasi. Ninazo karatasi nyingi, unajua ninavyopenda karatasi.

Nimechoka, shangazi. Nalala mapema na naamka nimechoka vilevile.

Miwani

9 Juni

Mwanangu,

Barua zako mbili nimezichukua siku moja, moja imekaa juu ya nyingine, nikazisoma nimekaa juu ya kapu la nguo chafu. Mlinzi hana kosa. Ile ya kwanza niliiona kwenye ubao wa barua getini toka wiki ya pili ya Mei, nikapita kila siku naiacha kama simjui aliyeiandika. Nisamehe. Niliona mwandiko wako kwenye bahasha nikajua umeshajua.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uliungua. Siku ya kumi na moja ya Ramadhani, saa nane mchana, nilikuwa kwenye pasi ile kubwa, nikaona mashuka yanakuwa meupe kupita kawaida, halafu sikuona kitu. Nilipoanguka nilijishikiza pale pasipotakiwa kushikwa. Kiganja chote. Walinipima hapohapo, hospitali si mbali, ni ngazi mbili tu juu. Presha ilikuwa mia na themanini na sita. Kumbe ninayo mimi pia, nimeirithi pamoja na pua.

Daktari akasema nivunje saumu, ninywe maji, nimeze dawa, na siku zilizobaki nisifunge. Nesi mmoja, dada mtu wa dini kuliko mimi, akaniambia, "Mgonjwa karuhusiwa na aliyemuumba, wewe unamzidi nani?" Nikanywa. Mwanangu, yalikuwa maji matamu kuliko yote niliyowahi kunywa, na nililia kwa sababu yalikuwa matamu.

Sikumwambia baba. Alipiga simu sikukuu, sauti juu kama kawaida yake, akauliza, "Umemaliza?" Nikasema, "Nimemaliza, baba." Nikamsikia anawaambia ninyi, "Mmesikia? Na moto wote ule!" Ningemwambiaje baada ya hapo?

Ndiyo maana nilikujibu vile. Sikuwa nakulinda wewe wala yeye. Ukianza kusema ukweli katika nyumba ile, ningejua zamu yangu inafuata. Mficha maradhi kilio humfichua, nami nilitaka kilio kisiwe cha kwangu. Umri wote huu, bado namwogopa baba yangu asinione mzani uliopunguka.

Mwambie. Usisubiri Jumatatu nyingine. Msomee na hii yangu yote, usiruke mstari hata ule wa pua. Ningepiga simu, lakini ningeanza kulia mbele ya wenzangu, na hapa ukilia unaambiwa unalowesha mashuka.

Halafu nijibu. Safari hii nitaifungua palepale getini.

Shangazi yako, wa kushoto

5 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na pole ya mkono. Mama analia akikumbuka, halafu anakasirika kwamba hukusema, halafu analia tena. Amekufungia biskuti zilizovunjika, zile wanazogawiwa wafanyakazi. Zitafika unga, lakini zitafika.

Barua yako ilifika Jumatano. Sikusubiri. Saa kumi nilikwenda karakana na mashine, daftari na barua. Babu akanyoosha mkono mezani akidhani nampima. Nikamwambia, "Leo si wewe unayepimwa, babu." Sauti yangu ilitoka ndogo mno, akaniambia nirudie. Nikarudia. Kisha nikamwambia yote, kuanzia siku ya nne.

Alichukua penseli yake ya sikioni, akageuza risiti ya mteja, akasema, "Soma." Nikabonyeza kitufe. Nilimsomea vipimo vyote tisini, kimojakimoja, naye akaviandika kwenye mistari ya tatutatu. Muuza sukari alikuja kuchukua mizani yake, akaona nyuso zetu, akasema atarudi kesho. Tulipomaliza adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Babu alisimama, akaitoa grafu ukutani, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akaenda kuswali.

Siku mbili hakuniita mke wangu. Aliniita kwa jina langu la kwenye cheti. Sikujua jina langu linaweza kuuma.

Siku ya tatu nikamletea wastani mpya niliouhesabu usiku uliotangulia. Wiki ya kwanza 158, wiki ya mwisho 156. Nikamwambia, "Ilishuka mbili tu, babu. Samahani." Akavaa miwani, akapita juu ya mahesabu yangu na penseli, akasimama mahali fulani.

"Siku saba, vipimo vitatu kila siku. Ngapi hizo?"

"Ishirini na moja."

"Mbona umegawanya kwa ishirini?"

Akahesabu mwenyewe. Ikatoka 149. Ilishuka tisa, shangazi, si mbili, na si ishirini na saba kama nilivyochora mwanzo.

"Kwanza umenipunja kwa kunipendelea," akasema, "sasa umenipunja kwa kuniogopa. Mzani uliozidi na mzani uliopungua yote hurudishwa kwa fundi." Kisha akaguna kwa namna ile yake. "Msomi gani huyu nimeoa?"

Hapo ndipo nikajua naweza kumsomea barua yako. Sikuruka mstari. Nilipofika kwenye kiganja akauliza, "Mkono upi?" Nikasema wa kulia. Akaomba aione barua. Aliishika karibu na dirisha muda mrefu, si kama anasoma, kama anaangalia sindano ya mzani itasimama wapi. Akasema, "Nilidhani amechoka kuniandikia." Halafu, "Toka mtoto nilimuuliza maswali yenye jibu moja."

Alinituma nikwambie kwamba siku zako ishirini ni zako na Mola wako na daktari wako, na yeye hatakuuliza tena. Alirudia, "Mwandikie hatakuuliza tena," kana kwamba ni mtu mwingine.

Jumatatu hakufunga. Tulikwenda zahanati, yeye na mimi, kwa miguu, tukipumzika kwenye kila ukuta wenye kivuli. Presha ilikuwa 182. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu, chai yake imeganda utando juu. Alituuliza toka lini hamezi dawa. Babu hakunisingizia. Alisema, "Nilisoma kipimo nilichokipenda." Daktari akaandika dawa upya. Akasema saumu za Jumatatu na Alhamisi zisimame kwanza mpaka presha itulie, na kabla ya Ramadhani nyingine aende mapema, miezi miwili kabla, waone kama inafaa afunge na dawa ihamie daku, au kama haifai. Babu akakubali kila kitu kama mtu anayepokea mzigo.

Mlangoni akageuka. "Na zile tisa, daktari? Zilizoshuka?"

Daktari akaangalia ile risiti. Alisema huenda ni sigara, huenda ni chumvi, huenda ni roho kutulia, na hata hali ya hewa hubadilisha. Mtu mmoja hawezi kuthibitisha kwa watu wote. "Lakini tisa ni zako, mzee. Tisa ni nzuri. Ila hazitoshi kutupa dawa."

Njia nzima babu alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Tisa ni nzuri."

Nilimpelekea mwalimu wa biolojia daftari la kweli. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, maana ndani nisingeweza. Amefuta alama za kwanza na hajatoa nyingine. Aliniomba nisimame mbele ya darasa nieleze, nikaeleza nikiangalia saa ya ukutani. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja wa nyuma aliuliza kama babu ni mzima, nikasema anameza dawa.

Nilikwenda pia kwa fundi viatu. Nilimwambia grafu ilikuwa mbovu na kwamba asiache dawa yake. Alisema hakuwa na nia ya kuacha, alitaka tu ya kubandika dukani, maana ya babu ilikuwa inavuta wateja.

Alhamisi niliamka nikachemsha chai. Nilimpelekea babu karakana pamoja na kidonge kwenye kisahani cha mzani mdogo, kwa sababu ndicho kilichokuwa safi. Alikitazama kikombe asubuhi ile kama mtu anayetazama nyumba aliyohama. Nilikaa kwenye stuli nikasubiri. Akameza kidonge, akanywa nusu, akasema sukari ni chache, akanywa iliyobaki.

Saa kumi nilimfunga mkanda mkononi. Nilipima mara tatu, nikipumzika kati ya kipimo na kipimo kama kijitabu kinavyosema. 164, 159, 161. Akauliza, "Ngapi, mke wangu?" Nikamsomea zote tatu, nikaziandika zote tatu kwa wino.

Miwani